Nilivyogonga Theluji ya Kibo kwa Mwiko wa Chokaa

Tangu nirudi sipiti baraza yoyote ya Kuze, mtaa wetu hapa Mombasa, bila kushikwa kanzu. "Fundi, keti kidogo utwambie ya huko." Nakaa, nasimulia, kahawa inapoa, na kabla sijafika Voi anakuja mtu mwingine na kutaka nianze upya. Basi nimeandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi aende nazo kwake. Wengi wenu mmekwisha kumsikia mwamu wangu Athmani, ambaye habari yake ina simba wawili na nyoka mmoja. Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yake safari nzima na wanyama hao hawakunitokea. Nitaeleza niliyoyaona.

Kuze

Mnanijua, lakini karatasi hutembea, kwa hiyo nijieleze. Mimi ni fundi wa chokaa. Kuta za mawe za mji huu nyingi zimepita mikononi mwangu, na kabla sijaushika ukuta wowote, naugonga. Nachukua mwiko wangu wa chuma, ule wa kupigia lipu, naugonga ukuta kwa mpini shibiri baada ya shibiri, huku nimetega sikio. Lipu iliyoshikana na jiwe hutoa sauti fupi na nzito. Lipu iliyoachana na jiwe hulia kama mtungi mtupu, hata ikiwa kwa macho ni nyeupe na laini ajabu. Kosa huwa la fundi mvivu aliyepiga lipu mpya juu ya ile ya zamani bila kuichonga kwanza kwa tindo ili ipate meno. Lipu isiyo na meno haishiki. Inakaa pale kwa adabu tu, mpaka siku itakapopata mtu wa kumwangukia.

Athmani ni mume wa dada yangu Mwanaisha. Ni mpishi wa Wazungu, na mpishi mzuri, nalisema hili mapema kwa sababu sitakuwa na mengi mengine ya kumsifu. Ukuta wa chumba chao cha nyuma unalia mtungi mtupu kutoka darini mpaka magotini. Nilimwomba miaka miwili aniruhusu niushushe na kuupiga upya.

"Mwamu," alikuwa akinijibu, "wewe wapenda kugonga kuta kwa kuwa hazikujibu maneno. Niwata na ukuta wangu."

Ndipo akaja Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Mrefu, akapanga nyumba ya jirani. Alikuwa na mbao mbili nyembamba, ndefu kuliko yeye mwenyewe, zilizopinda nchani. Alisema atapanda nazo mlima wa Kibo, azifunge miguuni, ateleze juu ya ule weupe wa kileleni. Baraza nzima ikajadili weupe huo ni nini. Mwalimu wa chuo cha Kurani akasema ni theluji, imo vitabuni. Muuza halua akasema ni fedha, na Wazungu hawapandi mlima bure. Mimi nikasema ni chokaa, kwa sababu ndicho kitu cheupe ninachokijua, na safari iliponikuta nilichukua mwiko wangu nikaihakikishe.

Athmani akaajiriwa kupika. Akatangaza kila mlango kwamba atakuwa Mmvita wa kwanza kusimama juu ya Kibo, na kwamba Bwana Mrefu atampiga picha hapo. Mwanaisha alikuwa na mimba ya miezi sita. Aliniita ukumbini.

"Kaka, nenda naye. Huyu ukimsifu tu, ataingia tanuri kwa miguu yake. Nirudishia mume wangu, mzima. Ukirudi peke yako, usinibishie mlango."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mnyapara wa wapagazi, kazi nisiyoijua hata kidogo. Mzigo wangu halisi ulikuwa Athmani.

Mombasa hadi Voi

Mbao zile hazikuingia behewani. Tulizipitisha dirishani, nusu ndani nusu nje, na tangu Mazeras mpaka Maji ya Chumvi kila abiria alikuwa na fatwa yake juu ya mbao hizo. Mama mmoja wa Rabai, aliyekuwa na kuku wanne kikapuni, aliniuliza kwa upole kama tumefiwa.

"La, mama. Kwani?"

"Naona mbao za jeneza. Marehemu alikuwa mwembamba, maskini."

Nikamwonyesha Bwana Mrefu, ambaye alikuwa hai na anakula ndizi. Yule mama alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akasema, "Basi ajitayarishaye mapema amefanya vyema." Nilicheka. Baadaye sikucheka.

Gari lilisimama nyikani muda mrefu bila mtu kutueleza sababu. Athmani alifungua mikate ya kumimina na samaki wa kupaka aliofungiwa na Mwanaisha, akawagawia watu wa behewa zima pamoja na habari za picha yake. Tulipofika Voi samaki walikuwa wamekwisha, ila picha ilikuwa bado inaendelea.

Voi hadi Taveta

Hapa ni miguu, na nchi ni kavu. Baada ya Bura tulitembea siku mbili tukinywa maji yenye ladha ya ngozi ya kiriba. Wapagazi walinigundua siku ya kwanza kuwa si mnyapara. Nilipowaambia, "Haya, ondokeni," walinitazama kwa huruma, wakamaliza ugoro wao, kisha wakaondoka walipotaka. Nikajifunza kusubiri wasimame wenyewe ndipo nami niamrishe.

Bwana Mrefu alipima kila kitu. Alipima joto, upepo, urefu wa kivuli chake mwenyewe. Kiswahili alikuwa amekisoma kitabuni, na alikisema kama mtu anayepanga matofali. Alipenda kuniambia, "Theluji mimi nazaliwa. Theluji mimi najua," na nilimwamini, kwani mtu haendi mbali vile na mbao zile kwa mchezo.

Mto Lumi ulikuwa umejaa. Bwana Mrefu alikuwa nyuma akipima jiwe. Wapagazi, bila kuniuliza, walilaza mbao zake mbili juu ya maji na kuvuka mmoja mmoja na mizigo, na mwanamke mmoja wa Kitaveta mwenye mkungu wa ndizi akapita pia akiwaombea heri. Bwana Mrefu alipofika alipiga ukelele uliorusha ndege mtini. Yule mwanamke akasema kwamba daraja ni zuri, ila ni jembamba. Mpaka leo naona ile ndiyo kazi bora kuliko zote ambazo mbao zile ziliwahi kufanya, isipokuwa moja nitakayoitaja.

Taveta hadi msituni

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Wadachi wa Ujerumani, kwenye migomba ya Wachaga, tulikaa siku nne kwa ajili ya mvua. Tulikula ndizi za nyama mpaka Athmani akaanza kuona wivu. Pale tukampata Ndesario, Mchaga wa makamo, mfupi, mwenye kucheka kwa pua, ambaye alikuwa amekwisha kuwapandisha Wazungu mpaka mwisho wa msitu na kuwashusha. Alizigeuza mbao, akauliza za nini. Nikamwambia.

"Anataka kuteleza?"

"Ndiyo."

Akanionyesha njia ya kijijini kwake, iliyokuwa tope tupu. "Si ateleze hapa? Mama yangu huteleza kila siku na wala hajapanda mlima wowote."

Msituni mvua ilinyesha kutoka juu, na kutoka kwenye majani, na nadhani kutoka chini pia. Wapagazi wote walibaki mwisho wa miti na moto wao. Tuliopanda juu tulikuwa wanne: Bwana Mrefu, Ndesario, Athmani na mimi. Bwana Mrefu alitupa buti zenye misumari. Athmani alizivaa akatembea nazo kwa madaha, kama bwana harusi anayekwenda kwa wakweze.

Pangoni, chini ya Kibo

Si chokaa. Nakiri hapa, kwa maandishi, na muuza halua naye akiri kuwa si fedha. Asubuhi ya kwanza nilipotoka pangoni theluji ilikuwa imelala mpaka mlangoni. Nikaichota kwa mwiko nikaitia katika sufuria kwa heshima, na Athmani akaiteleka. Tukaikodolea macho.

"Chokaa yako i wapi, fundi?" akaniuliza, akanimiminia kikombe cha maji ya moto.

Ikaja shida ya sala. Maji yaliyokuwa katika kiriba yalikuwa jiwe. Athmani akaokota theluji akauliza: hii ni maji tutawadhe, au ni vumbi la juu ya ardhi tutayamamu? Mwalimu wa chuo alikuwa mbali. Tukabishana mpaka wakati ukakaribia kutoka, kisha tukafanya yote mawili, tukasali huku vidole havitusikii.

Siku mbili upepo ulivuma bila kupumzika, kutoka upande mmoja tu. Nilikaa mlangoni mwa pango nikautazama ukifanya kazi, kwa kuwa kazi ni kazi, na fundi hutazama fundi mwenziwe. Ulikuwa unaikwangua theluji upande huu wa tuta lililo juu yetu mpaka mawe yakatokeza meno, unaivusha juu ya tuta, na kwenda kuibandika upande wa pili, ndani ya mteremko uliojificha. Tabaka juu ya tabaka. Haukuchonga chochote wala haukungoja chochote kikauke. Nikajisemea, namjua fundi wa namna hii, alinichafulia nyumba tatu pale Kuze.

Mteremko

Siku ya tatu kukatulia, jua likatoka, na kila kitu kikawa kizuri kupita kiasi. Tulipanda mpaka juu ya tuta. Mbele yetu ulikuwa ule mteremko uliojazwa na upepo, mpana, mweupe, laini, bila ufa hata mmoja. Ng'ambo yake ndiko kulikokuwa na njia ya kwendea juu.

Bwana Mrefu alifanya kazi yake, nami sitamsingizia. Alichimba shimo mpaka magotini, akatazama kingo zake kwa kioo cha kukuzia, akapima baridi yake, akaruka juu yake mara tatu. Ilishika. Akaandika katika daftari, akasema, "Nzuri. Sana nzuri." Lakini shimo alilichimba pale pale juu ya tuta, mahali upepo ulipokwangua, ambapo theluji ilikuwa ya zamani na imekazana. Ni sawa na kwenda kukagua nyumba ya mtu ukagonga nguzo ya mlango, ukaridhika, ukaenda zako.

Amri ilikuwa hivi: yeye atavuka kwanza kwa mbao zake, na Athmani amfuate nyuma kwa miguu na sanduku la picha. Wakifika ng'ambo, Athmani atapigwa picha.

Nikautoa mwiko. Sikufikiri, ni mkono tu. Nikagonga pale juu ya tuta: sauti fupi, nzito. Nikashuka hatua nne upande wa mteremko, Ndesario akinishika mshipi kwa nyuma, nikagonga tena.

Mtungi mtupu.

Nikagonga kushoto, nikagonga kulia. Kila mahali mtungi mtupu. Nikachimba kwa mwiko. Juu palikuwa na gamba gumu la unene wa kiganja, kazi ya ule upepo wa siku mbili. Chini ya gamba chembe zilizoachana, zinatiririka vidoleni kama chumvi ya mawe. Na chini ya chembe hizo, barafu ya zamani, laini kama sahani. Hakuna meno. Gamba lote lile, kutoka miguuni petu mpaka bondeni, lilikuwa limekaa kwa adabu tu.

Nilimwambia Bwana Mrefu. Nilimwambia kwa Kiswahili chepesi na kwa mikono. Alinisikiliza, kisha akakanyaga kwa nguvu pembeni pa mteremko. Gamba halikutikisika.

"Wewe mtu wa bahari," akasema, wala si kwa ubaya. "Theluji mimi nazaliwa."

Neno hilo lilikuwa na haki yake, na lilinitia shaka. Mimi theluji nilikuwa na siku tatu nayo. Nikamgeukia Athmani. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, amevua buti ya kushoto anasugua vidole, na sanduku la picha liko mapajani.

"Mwamu, usende. Umeachana huu. Uko wazi chini."

Akanitazama, akacheka mpaka mwangwi ukamrudishia. "Kuta za Kuze zimekwisha, sasa wagonga milima? Wallahi nitawaeleza barazani! Nipa hiyo buti."

Buti ilikuwa chini, karibu na miguu yangu. Nilimwona Mwanaisha ukumbini, mkono juu ya tumbo. Niliogopa vibaya sana, na sikuwa na hoja nyingine. Nikaiokota ile buti, nikaitupa kwa nguvu zangu zote upande wa tuta tuliotoka, chini kabisa, kwenye mawe.

Sitaandika aliyoniambia. Alianza na mimi, akapanda kwa babu yangu, akashuka kwa mafundi chokaa wote kwa jumla. Ndesario alicheka kwa pua mpaka akakaa chini. Bwana Mrefu akatikisa kichwa, akasema tutazame basi, atatuonyesha, akafunga mbao zake akaingia mteremkoni peke yake.

Alikwenda vizuri. Ilipendeza, nasema kweli. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini mtu angebeba mbao zile kutoka kwao. Alipiga hatua kumi, kumi na mbili. Athmani akanigeukia kusema neno.

Ikatoka sauti ndogo, ya shuka kupasuka. Ufa ukakimbia kutoka chini ya mbao ukapanda juu kuliko macho yangu yalivyoweza kuufuata, na mteremko wote ukaondoka. Haukubomoka, uliondoka mzima, kisha ukavunjika vipande vya ukubwa wa milango, na vipande vikawa moshi. Bwana Mrefu alikuwapo, kisha hakuwapo. Palipokuwa na weupe pakabaki barafu tupu inang'aa.

Athmani akawa wa kwanza kuinuka, buti moja mguuni.

Tulishuka pembeni pa mawe, Athmani amejifunga blanketi mguu wa kushoto. Chini, ncha ya ubao mmoja ilikuwa imechomoza katika lundo. Nilichimba kwa mwiko, Ndesario kwa mikono, Athmani kwa kifuniko cha sufuria, akilia na kumwita Mungu. Theluji ile iliyokuwa mavumbi sasa ilikuwa imeshikana kama lipu ya mwaka. Tulipoufikia uso wake ulikuwa wa buluu. Nilimtoa theluji kinywani kwa kidole. Akavuta pumzi, akakohoa, akafumbua macho.

"Mbao," akasema. "Mbao ya pili wapi?"

Mguu wake ulikuwa umevunjika. Tuliufunga kwa ule ubao mmoja uliobaki, na hiyo ndiyo kazi niliyosema nitaitaja.

Kurudi

Kushuka kulichukua siku nyingi na sitazihesabu. Athmani alibeba machela kutoka asubuhi mpaka jioni bila kusifu wala kulaumu, jambo lililonitisha kuliko ule mteremko. Kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kiligeuka cheusi. Kwenye zahanati ya Moshi alikatwa kidole, na Bwana Mrefu akalazwa.

Siku ya kuagana nilimkuta Bwana Mrefu anamsimulia Mzungu mwenziwe. Maneno sikuyaelewa, lakini mkono niliuelewa. Alikuwa anagonga meza kwa kiko chake, hapa na pale, ameinamisha kichwa anasikiliza, na mwenziwe anashangaa utaalamu ule. Aliponiona, kiko kilisimama. Nikamwombea afya njema, nikaondoka.

Toka Voi, garini, Athmani aliuona mlango wa mdomo wake tena. Simba wa kwanza alizaliwa karibu na stesheni ya Samburu. Tulipofika Mombasa, ilikuwa yeye ndiye aliyeuona ubovu wa theluji, na mimi ndiye niliyempotezea buti.

Nilibisha mlango. Mwanaisha akafungua. Tumbo lilikuwa kubwa. Alimtazama mumewe uso, mabega, mikono, akafika chini.

"Kaka," akasema, "aliondoka hapa na vidole kumi."

"Ndiyo."

"Naona tisa."

"Muulize yeye."

"Ndugu yako ndiye aliyekitupa," akasema Athmani, na akaingia ndani kwa kuchechemea zaidi ya inavyohitajiwa. Dada yangu alinishika mkono akaubusu, huku bado ananigombeza.

Mtoto amezaliwa juzi, wa kiume. Jana adhuhuri nilikwenda kumwona. Nilikuwa ukumbini na kikombe cha kahawa, nao hawakujua kuwa nawaona. Athmani alikuwa amembeba mtoto anampeleka chumba cha nyuma alale. Alifika kizingitini akasimama. Akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, akakunja ngumi ya kulia, akaugonga ule ukuta polepole, mara tatu, ametega sikio.

Kisha akarudi naye sebuleni, akamlaza mkekani, akaja mpaka nilipo.

"Mwamu," akasema, bila kunitazama, "ule mwiko wako umekuja nao?"